Je, Wajua Kazi ya Gia Fupi ya Mkonga?

Ukipanda Land Cruiser ya 70 Series, ile tunayoiita Mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, utakuta gia mbili sakafuni. Moja ni ndefu, ya kawaida. Nyingine ni fupi, na kichwani imeandikwa H2, H4, N na L4. Toyota ilianza kuliuza gari hili mwaka 1984, na wakati wa masika gia hiyo fupi ndiyo inayolifikisha kijijini. Wanaoielewa ni wachache kuliko wanaoishika, na hilo linanisikitisha, maana kilichomo chini yake kimebuniwa kwa akili nyingi.

Je, wajua kwamba muda mwingi gari hili linasukumwa na matairi mawili tu? Kwenye H2 nguvu inatoka giaboksi kubwa, inapita giaboksi ndogo inayoongozwa na gia fupi, kisha inakwenda ekseli ya nyuma peke yake. Ukiweka H4, yaani fowili ya matairi yote manne, giaboksi ndogo inazifunga propela ya mbele na ya nyuma zikawa kama chuma kimoja: hii ikizunguka mara moja, na ile mara moja.

Sasa likate kona kwenye mchanga laini, kisha ushuke uangalie alama. Matairi ya mbele yamepita nje, ya nyuma yamepita ndani; ya mbele yamekwenda mwendo mrefu zaidi. Topeni tofauti hiyo haidhuru, kwa kuwa tairi linateleza kidogo na mambo yanakwenda. Kwenye lami kavu hakuna pa kuteleza. Vyuma vinakazana, usukani unakuwa mzito, na ukitaka kurudi H2 gia inagoma. Rudi nyuma kidogo kwa mstari ulionyooka, mkazo utalegea na gia itatoka bila kugoma.

Difu nayo ina tabia yake. Kazi yake ni kuruhusu tairi la kushoto na la kulia kupishana mwendo kwenye kona, lakini moja likikosa pa kushika, mzunguko wote unakimbilia hilo. Ndiyo maana gari lililoko kwenye fowili, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia, husimama hapohapo huku hayo mawili yakizunguka bure. Hapo dawa ni difu loki, kama gari limefungwa nayo.

L4 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unasimama kabisa, unakanyaga klachi, unaingiza. Mwendo unapungua zaidi ya mara mbili na nguvu inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Kwenye mteremko mkali, ukiwa gia ya kwanza na miguu iko mbali na klachi, injini yenyewe inalishika gari na linashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Lakini fowili yote inategemea habu za mbele, kwa magari yenye habu za kufunga kwa mkono. Mwezi wa nne mmoja, bonde la Kilombero, tulikwama kwenye udongo mweusi. Dereva wetu, kijana, alikuwa ameshaweka L4 na taa ya fowili inawaka, lakini matairi ya nyuma yalizidi kuchimba hadi ekseli ikalala chini. Mzee mmoja aliyekuwa abiria akashuka, akachutama kwenye tairi la mbele, akafuta tope kwa kidole gumba. Alama ya habu ilikuwa kwenye FREE, yaani haijafungwa.

"Mwanangu," akamwita, "fowili yako iko kwenye taa tu."

Propela ya mbele ilikuwa inazunguka muda wote huo, ila matairi hayakuwa na habari. Tukachimba mbele ya matairi, tukatandika matawi. Kijana akazungusha habu zote mbili hadi LOCK, akarudi kwenye usukani, akaweka gia ya kwanza na kukanyaga mafuta kidogo tu. Matairi ya mbele yakauma, na gari likapanda taratibu kutoka shimoni.