Mwethya wa Nauli ya Treni

Mwanzoni mwa Januari 2024 mama yangu mdogo aliteremka kutoka vilima vya Mua kwenda Mombasa, kumwona binti yake aliyekuwa amejifungua. Nauli ya gari la moshi, shilingi 1,000, alikuwa ameifunga katika pindo la leso, mbali na fedha za matatu. Mjukuu wake ndiye aliyemtazamia bei hiyo katika simu. Alipofika dirishani pale stesheni akaambiwa ni shilingi 1,500.

Alinipigia simu huku watu wakimsukuma kwa nyuma. "Mwanangu, treni imenikataa," akaniambia. Nilimtumia mia tano kwa M-Pesa, lakini zilipoingia viti vya siku ile vilikuwa vimekwisha. Akalala Mlolongo kwa mtu wa kwao, na kikapu chake cha maembe ya mzazi.

Nilitaka kumkaripia yule mjukuu, lakini aliponionyesha simu yake niliona kwamba hakubuni neno. Palikuwa na ukurasa wa intaneti: unachagua utokako, unachagua uendako, unabonyeza, na bei inatokea. Haukuwa ukurasa wa shirika la reli. Ulitengenezwa na kijana mmoja wa hapa Machakos, mpenzi wa treni, alipokuwa bado chuoni. Bei aliyoiandika ilikuwa ya kweli siku ile alipoiandika. Kisha akapata kazi mbali na hapa, na ukurasa ukaendelea kuwajibu watu vile vile.

Na bei za treni hii hazijatulia. Ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017, daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa lilikuwa shilingi 700, na daraja la kwanza shilingi 3,000. Baadaye la kawaida likawa 1,000. Tarehe 1 Januari 2024, Shirika la Reli likitaja kupanda kwa bei ya mafuta, nauli hizo zikawa 1,500 na 4,500. Mama mdogo alisafiri katika juma lile lile.

Msomaji aweza kuuliza, mji usiopitiwa na reli una wapenzi wa treni kwa sababu gani? Nami nasema ni kwa sababu hiyo hiyo. Reli ya kwanza ilipofika nchi yetu mwaka 1899 ilipita kule bondeni, ikatuachia stesheni iliyoitwa Machakos Road, mbali na mji wenyewe. Mwaka huo huo Bwana Ainsworth akahamisha makao ya serikali ya jimbo la Ukamba kutoka hapa akayapeleka Nairobi, mahali palipokuwa kinamasi. Tangu hapo mtu wa Machakos hutazama treni kama atazamavyo harusi ya jirani ambayo hakualikwa. Na wazee wetu walikuwa wamekwisha kuambiwa mapema: yasimuliwa kwamba Syokimau, yule nabii mwanamke wa Wakamba, aliona nyoka mrefu atakayetambaa kutoka maji hata maji. Leo jina lake liko juu ya stesheni iliyofunguliwa Novemba 2012, na njia mpya ina kituo Athi River, ndani ya kaunti yetu. Mama mdogo husema Syokimau alitabiri nyoka, hakutabiri nauli.

Basi nikamtafuta kwa simu yule mwenye ukurasa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hakukasirika hata kidogo. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama yule mama alifika. Akasema, "Mzee, peke yangu siwezi tena. Nitawapa neno la siri, mtengeneze."

Ndivyo tulivyojikuta tunakutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha duka la kutoa fotokopi, karibu na stendi ya mabasi. Alikuwapo mwalimu mmoja wa hesabu, binti mwenye duka ambaye pia ni wakala wa M-Pesa, mzee aliyestaafu kazi ya ugadi katika treni za zamani, na yule mjukuu mwenye makosa. Kazi yangu mimi, nisiyejua kompyuta, ilikuwa kusoma tarakimu kwa sauti.

Nilidhani ni bei moja ya kubadilisha, tukanywe chai. Kumbe! Treni ile isimamayo njiani ina vituo tisa: Nairobi, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani na Mombasa. Mwalimu akatuonyesha ubaoni kwamba vituo tisa ni safari 36, ukihesabu kwenda na kurudi kuwa moja. Kila safari ina madaraja mawili, na kila daraja lina bei ya mtu mzima na ya mtoto. Hivyo ni visanduku 144 katika jedwali, na nauli ikibadilika mara moja, vyote huoza pamoja.

Ubaya mwingine ulikuwa umejificha zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu husafiri bure, na wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Kijana yule alikuwa ameiambia programu itoe nusu kwa kila mtoto "aliye chini ya kumi na mmoja". Kwa neno hilo dogo, mtoto wa miaka kumi na mmoja alitozwa kama baba yake. Kwa bei mpya hiyo ni tofauti ya shilingi 750 kutoka Nairobi hadi Mombasa. Mwalimu ndiye aliyeligundua. Alicheka, kisha akanyamaza akihesabu ni akina mama wangapi waliowaacha wakubwa nyumbani.

Mzee gadi alitutesa na majina. Akiandika "Athi" tu, au "Mtito" peke yake kama wasemavyo wasafiri, ukurasa ulijibu kwamba hakuna kituo hicho. "Nimekipita miaka yangu yote," akasema, "leo kimekufa?" Ikabidi kila kituo kiandikwe na majina yake ya utani.

Ugomvi wa kweli ulizuka Jumamosi ya pili. Mwalimu alitaka tuufunge ukurasa kabisa. Hoja yake ilikuwa nzito: mwenye treni ndiye mwenye bei, mtu apige *639# ajibiwe na wenyewe, sisi tunajipachika katika kazi isiyo yetu, na tukikosea anayelala Mlolongo si sisi. Sikuwa na jibu zuri. Binti wa duka ndiye aliyejibu. Alisema wazee huja kwake wiki mbili kabla ya safari, hawajui siku, hawajui daraja, wanataka tu kujua kama fedha za maharagwe zitatosha, au wauze na mbuzi. Mtu wa namna hiyo hakati tikiti bado. Anapanga.

Huko Uingereza yuko Mark Smith, aliyewahi kuwa msimamizi wa stesheni mjini London, ambaye mwaka 2001 alianzisha kwa mapenzi yake mwenyewe ukurasa uitwao The Man in Seat 61, unaoeleza safari za treni karibu dunia nzima, ya kwetu ikiwemo. Wasafiri humwandikia wakimsahihisha. Nilipowasimulia hayo, mzee gadi alisema hilo ni mwethya tu, ila Mzungu amelipa jina la kiti.

Naye alisema kweli. Hapa kwetu matuta yaliyookoa mashamba ya Machakos yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na kila mkulima ajua kwamba tuta likishachimbwa kazi ndiyo imeanza. Mvua ikilibomoa moja la juu nawe ukanyamaza, maji hushuka kwa jirani wa chini.

Mwalimu akakubali, kwa masharti mawili. Bei isiingie mpaka tuone picha ya tikiti ya msafiri, na chini ya kila bei iandikwe tarehe iliyohakikishwa mara ya mwisho. Bei isiyo na uhakika ibaki tupu. Yule mjukuu alilalamika kwamba ukurasa utaonekana una mapengo kama kinywa cha mzee. Tukamwambia na uwe hivyo.

Picha za tikiti zilikuja kidogo kidogo, nyingine zimekunjwa, moja ina doa la chai mahali penye bei hasa. Mama mdogo alileta ya kwake ya kurudi, akaidai tena baada ya kupigwa picha. Imebaki safari moja ambayo sisi hatujapata wa kutuonyesha tikiti yake, Miasenyi mpaka Kibwezi. Mzee gadi anasema hajaona mtu akishuka Kibwezi kutoka Miasenyi, lakini hataki kisanduku kile kifutwe.