Usukani wa Trekta Unapoteleza

Dereva wa trekta ndogo ya zamani afikapo mwisho wa shamba hukata kona, na ghafla huona kuwa usukani umezunguka robo nzima mikononi mwake, ilhali magurudumu ya mbele yangali yakielekea mtaroni. Hujaribu tena, na mara hii magurudumu huitika. Jambo hilo likitokea katika shamba tambarare huwa kichekesho. Likitokea kwenye mteremko, au barabarani huku tela lililojaa magunia likisukuma kwa nyuma, laweza kuua. Hata hivyo wako madereva wanaomaliza msimu mzima wa kilimo na usukani wa namna hiyo, kwa sababu tu mara nyingi bado huitika.

Trekta zinazohusika hapa ni zile zisizo na msaada wa mafuta yenye shinikizo katika kukata kona. Mfano mashuhuri ni Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956, kwa idadi ipitayo laki tano. Katika trekta za aina hii nguvu yote ya kugeuza magurudumu hutoka katika mikono ya dereva, nayo hupita mahali pamoja padogo sana: pale kitovu cha usukani kinapokutana na mhimili wake.

Udogo wa mahali hapo ndio kiini cha tatizo. Msomaji achukue mfano wa usukani wenye kipenyo cha sentimeta 40, na dereva anayetumia kani ya newtoni 100 kwa kila mkono. Momenti yake ni 200 × 0.2, yaani newtoni-meta 40. Kama mhimili una kipenyo cha milimeta 20, momenti hiyo hiyo hubebwa umbali wa sentimeta 1 tu kutoka katikati. Kwa hiyo kani inayosukuma meno ya mhimili ni newtoni 4,000, karibu sawa na uzito wa kilo 400. Nyenzo inayomsaidia dereva ndiyo inayoyaadhibu meno. Yakiwa meno 36, na yote yakishika sawasawa, kila moja hubeba newtoni 111 hivi, mzigo usiotisha. Yakibaki manne tu yenye kugusa, kila moja hubeba newtoni 1,000.

Ili meno yote yashike, katika trekta nyingi ncha ya mhimili huchongwa ikapungua unene kidogo kidogo, na nati hukisukuma kitovu chini mpaka kijikaze, kama mpini wa sururu unavyojikaza katika tundu lake. Nati ikilegea kidogo tu, kitovu huanza kucheza. Mchezo huo hung'oa chembechembe za chuma, nazo hushika kutu na kuwa vumbi jekundu linalosaga meno kama msasa. Fundi aonaye vumbi hilo kando ya nati hahitaji ushahidi mwingine.

Asipoliona, kipande cha chaki chatosha. Nati ikiwa wazi, huchorwa mstari mmoja unaovuka kutoka ncha ya mhimili hadi kwenye kitovu cha chuma, kisha hadi kwenye plastiki au mpira uliokizunguka. Usukani ukizungushwa kwa nguvu, mstari utasema. Ukikatika kati ya mhimili na kitovu, meno yameteleza. Ukikatika kati ya chuma na plastiki, meno ni mazima na gamba ndilo lililoachana na kitovu. Hapo dawa ni usukani mwingine. Usipokatika popote, kosa liko chini zaidi, katika sanduku la gia za usukani au viungo vya magurudumu.

Kukitoa kitovu kwataka subira. Nati hulegezwa mpaka iwe sawa na ncha ya mhimili, wala haitolewi kabisa, ili ilinde nyuzi za skrubu; kisha hutumika kifaa cha kuvutia chenye miguu miwili. Nyundo huharibu, kwa maana kila pigo hushuka moja kwa moja hadi kwenye beringi zilizo chini. Baada ya hapo meno husafishwa kwa mafuta ya taa na burashi ya waya, yakatazamwa vema juani.

Hapa pana mtego unaowapata hata mafundi wazoefu. Kitovu kilicholika huzama zaidi kwenye mhimili, hata nati ikafika mwisho wa nyuzi zake kabla ya kukibana. Spana hukataa kuendelea, na fundi huamini kuwa kazi imekwisha, kumbe nati imejibana yenyewe. Kama meno bado yana umbo, washa moja nene chini ya nati yaweza kumaliza ugonjwa wote. Kipande cha bati la kopo kilichopachikwa kati ya meno, ambacho wengi hukipenda, hushika siku chache, kisha hupondeka.

Kitovu kikiwa kimelika na mhimili ni mzima, hubadilishwa usukani. Mhimili ukiwa umelika, hubadilishwa mhimili. Kuuchomelea usukani moja kwa moja juu ya mhimili ni njia ya mkato yenye hatari: joto hubadili ugumu wa chuma, laweza kuacha sehemu inayokatika ghafla bila onyo, na tangu hapo mhimili hauwezi kufunguliwa bila msumeno. Kutoboa tundu na kupitisha pini nako si salama. Katika mhimili mzima unaosokotwa, kiini chenye nusu ya kipenyo hubeba sehemu moja tu kati ya 16 za momenti. Zilizobaki zote hubebwa na tabaka la nje, nalo ndilo tundu linalolikata pande mbili.

Kazi ikiisha, mstari mpya wa chaki huchorwa, trekta hulimishwa kwa saa chache polepole mahali tambarare, kisha nati hukazwa mara ya pili, kwa kuwa kitovu hushuka kidogo kinapopata makao yake.