Acheni Kuniuliza Kama Ana Hisia

Mama mmoja alikuja kliniki wiki chache zilizopita, akavuta kiti karibu na meza yangu, akashusha sauti kana kwamba kijana wake angemsikia toka nyumbani. "Daktari, niambie ukweli. Huyu mwanangu ana hisia kweli?"

Kijana ana miaka 29, ni fundi simu, na amegundulika kuwa na usonji akiwa mtu mzima. Kilichomleta mama ni msiba wa shangazi yake kijana. Hakulia. Hakumpa mtu mkono wa pole. Wenzake walikaa chini ya turubai, yeye akazunguka nyuma ya nyumba, kisha hakuonekana tena. Ukoo mzima ukahukumu kwamba hana huruma.

Nikamuuliza mama, alikwenda wapi? Akanyamaza kidogo, ndipo akakumbuka madumu. Tangi lilikuwa limekauka, wapishi hawana maji ya kuoshea vyombo. Kijana hakutumwa na mtu. Alichota maji mpaka saa nane za usiku.

Swali hilo la mama nimeulizwa na wake za watu, na waajiri, hata na wauguzi ambao wangepaswa kujua zaidi. Nimechoka nalo, kwa sababu linaumiza watu ninaowaona wakilia ndani ya chumba changu.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1985, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, watafiti wa London, waliwaonyesha watoto wanasesere wawili. Sally anaweka gololi kwenye kikapu, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Jibu ni kwenye kikapu, maana hakuona ikihamishwa. Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walisema kwenye boksi.

Matokeo yale hayana kasoro. Kasoro ni namna yalivyovutwa mitaani. Jaribio lile linapima kama mtoto anatambua kuwa mwenzake anaamini jambo lisilo kweli. Halikumuuliza mtoto yeyote kama alimhurumia Sally kwa kuhamishiwa gololi yake. Isitoshe, watoto wanne walijibu sawasawa, na watu wazima wengi wenye usonji hulijibu bila shida. Mtu anatoaje hapo hukumu kwamba fundi simu wa miaka 29 hana moyo? Kusoma yaliyomo kichwani mwa mwenzako ni jambo moja, kumjali ni jingine. Tapeli hodari anakusoma kuliko ndugu yako wa damu, na hakujali hata chembe. Wengi ninaowahudumia wako kinyume chake: wanajali mno, ila ishara za uso na sauti zinawapita au zinawafikia zikiwa zimechelewa.

Kuna na jambo lingine, nalo ndilo familia nyingi huliona na kuliita ukavu wa moyo. Takribani nusu ya watu wazima wenye usonji wana aleksithimia, yaani shida ya kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Hisia imo, inamchemka mwilini, lakini haina jina. Ukimuuliza unajisikiaje, anasema tumbo linauma. Mwaka 2010 Geoffrey Bird na wenzake walipima ubongo wa watu walipokuwa wakitazama wapendwa wao wakiumizwa kidogo. Mwitikio uliofifia ulifuata aleksithimia, si usonji. Na aleksithimia wanayo pia watu wasio na usonji.

Halafu mbona lawama zinaelekea upande mmoja tu? Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alihoji hilo mwaka 2012: kutoelewana ni kwa pande mbili. Utafiti uliotolewa 2020 uliwapanga watu kwa mnyororo, kila mmoja akimsimulia anayemfuata hadithi aliyoisikia. Wenye usonji wakisimuliana wenyewe kwa wenyewe waliifikisha sawa na wengine. Iliharibika zaidi pale makundi yalipochanganywa. Uliporudiwa 2025 kwa watu zaidi ya 300, hata tofauti hiyo ya mchanganyiko haikuonekana. Katika tafiti zote mbili, wenye usonji hawakuachwa nyuma.

Sasa ninyi mnaoishi na mwenye usonji mfanye nini? Semeni wazi mnachotaka. Mafumbo na kununa havimfikii. Kazi zenye hatua nyingi mwandikieni, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni kupanga, kuanza na kuhama toka jambo moja kwenda jingine, wala si akili. Mpeni muda wa kujibu. Mkitaka kujua hali yake, ulizeni mwili: kifua kinabana, usingizi unakuja? Msimlazimishe kuwatazama machoni. Wasiwasi na sonona vinatibika, kwa dawa na kwa tiba ya mazungumzo iliyorekebishwa imfae, na visiachwe kwa kisingizio kwamba ndivyo alivyo. Dawa ya kuondoa usonji wenyewe haipo. Anayekuuzia dripu au mizizi ya kuuondoa anakuibia.

Mama yule sikumjibu swali lake. Nilimwomba aje tena, na safari hii aje na kijana mwenyewe. Nanyi mnaokuja kwangu nawaomba vivyo hivyo: njooni naye, akae kwenye kiti cha mbele, aulizwe yeye.