Mtihani wa udereva utufuate vijijini



Kuna jambo linalotusumbua sisi wa kando ya Mto Rufiji. Kila ifikapo Wiki ya Nenda kwa Usalama tunakumbushwa kwamba asiye na leseni asiendeshe chombo cha moto. Wito huo ni halali, maana ndivyo isemavyo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Lakini wanaoutoa hawasemi kijana wa Ngorongo aifuate wapi hiyo leseni.

Ngorongo ni kati ya vijiji vya Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, watu walipohamishwa bondeni kwa sababu ya mafuriko. Sisi tuko kaskazini ya mto, na Utete, makao makuu ya wilaya, iko kusini. Barabara kuu ya lami iendayo Lindi inapita Ikwiriri, mbali nasi. Humu ndani tegemeo ni pikipiki. Ndiyo inayobeba ufuta, ndiyo inayomwahisha mjamzito zahanati usiku wa manane.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Ongeza karo ya shule ya udereva, leseni ya kujifunzia, nauli, malazi, na siku ambazo pikipiki imelala. Tena pikipiki mara nyingi si yake, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni. Kwa upande wa pili, mwaka 2021 faini ya bodaboda ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Silaumu punguzo hilo, kwani faini ya zamani ilikuwa inakula unga wa watoto. Lakini kijana ameshaona kwamba kukamatwa ni rahisi kuliko kutahiniwa.

Anayeumia ni abiria. Dereva asiye na leseni akiona askari mbele hukata kona na kuingia njia za porini, mama na mtoto wakiwa mgongoni kwake. Ikitokea ajali, kampuni ya bima imeshapata sababu ya kukataa kulipa.

Mwaka 2015 mashine za BVR za kuandikisha wapiga kura zilifika kwenye kata nchini kote, zikapiga picha na kuchukua alama za vidole papo hapo. Kama mashine ile iliweza kutufuata, ya leseni inashindwa nini? Tangu 2017 tunao Mkoa wa Kipolisi wa Rufiji, kwa hiyo uongozi wa trafiki hauko mbali sana. Naomba mtahini wa polisi, mtumishi wa TRA na mwalimu wa VETA wafunge safari pamoja kila baada ya miezi mitatu, kwa tarehe iliyotangazwa mapema, waje kufundisha kwanza na kutahini baadaye.

Mtihani wenyewe usilegezwe hata kidogo. Atakayeshindwa arudi awamu ijayo, maana ziara ikigeuka mnada wa makaratasi heri isije. Na vijana watahiniwe kwenye mchanga na tope wanakopita kila siku, wamebeba abiria, kofia ngumu mbili kichwani kwa wawili, si kwenye uwanja uliosawazishwa.

Serikali za vijiji nazo zianze sasa kuandika daftari la madereva na la matajiri wao. Tajiri atakayemkabidhi pikipiki asiye na leseni, baada ya mtahini kuja na kuondoka, huyo ndiye ashitakiwe kwanza.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha jinsi njia za huku zinavyokatika. Kwa hiyo wahusika watujibu katika ukurasa huu huu: je, awamu ya kwanza yawezekana wakati wa kiangazi, kabla masika hayajaingia?

Mpanda Bodaboda,
Ngorongo, Rufiji.