HOMA ISIYOISHA YAWEZA KUGUSA MOYO

Huku kwetu Namboboto mtu akishikwa na homa tunasema, "Ni malaria tu." Mara nyingi ni kweli. Lakini iko homa nyingine inayofanana nayo: vijidudu vimeingia ndani ya moyo. Madaktari huuita ugonjwa huu endokaditisi.

Unaanzaje? Moyo una milango midogo, yaani vali, inayozuia damu isirudi nyuma. Mtoto akiumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa, aweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vali. Miaka inapita. Siku moja vijidudu vinaingia kwenye damu, pengine kutoka kwa jino bovu, vinanasa kwenye vali mbovu na kufanya donge.

Hatari iko hapo. Kipande cha donge kikimeguka, damu hukibeba. Kikifika ubongoni, mtu anapooza. Kikiziba mshipa unaoulisha moyo wenyewe, anapata mshtuko wa moyo, hata kama ni kijana asiye na presha wala sukari. Jambo hili si la kila siku, lakini huua haraka.

Kwa hivyo, mgonjwa wa homa ya majuma mengi akianza kuumwa kifua, mkimbizeni hospitali na mumweleze daktari habari za hiyo homa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayosaidia katika mshtuko wa kawaida, hapa yaweza kuleta kuvuja damu ubongoni.

Tufanye nini basi?

1. Homa ikirudi baada ya kumaliza dawa ya malaria, au ukikonda, ukitoka jasho usiku na kuishiwa pumzi, nenda hospitali. Usimeze kapsuli za dukani kwanza, maana huficha vijidudu damu ikipimwa.

2. Matibabu ni dawa ya kupitia mshipani, kwa kawaida majuma 4 hadi 6. Ukipata nafuu mapema, usitoroke wadi. Kabla ya penisilini kuanza kutumika miaka ya 1940, karibu wote walioshikwa walikufa. Leo wanaowahi wengi hupona.

3. Aliyeandikiwa sindano ya penisilini kila majuma 3 au 4 asiikose hata moja. Na kabla ya kung'olewa jino, amwambie daktari kwamba vali yake ni mbovu.

4. Wazazi, mtoto akiumwa koo na ana homa, mpelekeni zahanati. Na asugue meno kila siku.