Bahasha ya Saa 11 Jioni

Watu 46 mjini Vancouver, Kanada, walikabidhiwa bahasha asubuhi. Ndani mlikuwa na dola 5 au dola 20, pamoja na agizo fupi. Baadhi yao waliambiwa wazitumie fedha hizo kwa mambo yao wenyewe. Wengine waliambiwa wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka. Wote waliwekewa mwisho mmoja: saa 11 jioni, siku hiyohiyo. Walipoulizwa jioni wanajisikiaje, waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi kuliko waliojinunulia, na haikujalisha bahasha ilikuwa ya dola 5 au ya 20.

Utafiti huo wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton ulitoka katika jarida la Science mwaka 2008. Mwaka 2013 Aknin na wenzake walichambua takwimu kutoka nchi 136, wakafanya pia majaribio Kanada na Uganda, na katika nchi nyingi walikuta jambo lilelile, ziwe tajiri au maskini. Kwa mtu anayezunguka madukani usiku wa kuamkia sikukuu, habari hii ina uzito wake. Wale wa Vancouver hawakuwa na wiki mbili za kujipanga. Walikuwa na saa chache tu, na kutoa kuliwafurahisha.

Lakini hao ni watoaji. Waliopokea hawakuulizwa kitu, na kwao ndiko swali gumu liliko: je, zawadi ya dakika za mwisho huwafaa?

Kuchelewa kwenyewe si lazima kuwe dalili ya kutojali. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada wangemaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walikadiria karibu siku 34. Ziliwachukua karibu 56. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameshalieleza kosa hili mwaka 1979: anayepanga huutazama mpango alionao kichwani, akaacha kutazama mara zote alizopanga zikampita. Ndiyo maana mtu anayempenda sana dada yake anaweza kuijua tarehe ya sendofu miezi mitatu kabla, na bado akajikuta sokoni Kariakoo jioni ya siku yenyewe, maduka yakianza kushusha milango.

Akiwa pale, haraka humfanya aangalie mahali pasipofaa. Jeff Galak wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Julian Givi na Elanor Williams, walipitia tafiti nyingi za zawadi na mwaka 2016 wakaonyesha tofauti moja inayojirudia. Mtoaji huifikiria dakika ya kukabidhi: karatasi inachanwa, macho yanatanuka, watu wanapiga vigelegele. Mpokeaji atakaa na kitu hicho miezi na miaka. Kwa hiyo mtoaji huvutwa na kinachoshtua na kung'aa, kumbe mwenzake angefaidika zaidi na kinachotumika. Ernest Baskin na wenzake walikuwa wameliona hilo mwaka 2014 kwa mfano wa mgahawa. Watoaji walipendelea kumlipia mtu chakula kwenye mgahawa wa sifa hata kama uko mbali. Wapokeaji waliona afadhali ule wa kawaida ulio karibu, ambao wangeufikia bila taabu.

Bei nayo hudanganya. Francis Flynn na Gabrielle Adams, katika utafiti wao wa mwaka 2009, waliwauliza wachumba kuhusu pete za uchumba. Wanaume waliozinunua waliamini kuwa pete ya ghali zaidi ingethaminiwa zaidi. Kwa wanawake waliozivaa, bei na kiwango cha shukrani havikwenda pamoja. Mwenye haraka ndiye anayehitaji kulikumbuka hili kuliko wote, maana asipojua la kununua, njia nyepesi ni kuongeza fedha. Tayari mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel alikuwa amewauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale zawadi zao za Krismasi zina thamani gani kwao, wakiiweka kando thamani ya upendo. Makadirio yake yalionyesha kuwa kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ilipotea njiani, kati ya mfuko wa mtoaji na mikono ya mpokeaji.

Tuchukue zawadi moja ya pwani tuitazame kwa karibu: kanga. Huuzwa kwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa. Kila kipande kina pindo kuzunguka kitambaa, kina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani maneno yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara hii tangu mwaka 1887. Kanga ikikatwa na kupindwa, huvaliwa nyumbani, hubebewa mtoto, hufunika kichwa msibani, na ikichakaa huingia jikoni. Kwa kipimo cha Galak, ni vigumu kuishinda. Haina mshangao mkubwa wakati wa kufunguliwa, lakini hufanya kazi kwa miaka.

Tena inauzwa hadi usiku. Mnunuzi wa dakika za mwisho huingia, huchagua rangi kwa kunyoosha kidole, hulipa na kuondoka. Alichoruka ni jina. Muuzaji mzoefu hukunjua doti na kuyaelekeza maandishi kwa mteja, kwa kuwa anajua kanga nyingine zina mafumbo ya kumpigia jirani mgomvi au mke mwenza, na nyingine zina dua na shukrani kwa mama. Ua lilelile, rangi ileile, lakini moja inamwombea mama mkwe heri na nyingine inamsuta. Kusoma jina huchukua nusu dakika. Hiyo nusu dakika, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika ununuzi wote.

Utafiti unaunga mkono. Yan Zhang na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2012 kuwa fikra alizoweka mtoaji mara nyingi hazionekani na mpokeaji. Yeye hukiona kitu, si mawazo yaliyokitangulia. Fikra hizo huanza kuhesabika pale kitu fulani kinapomfanya mpokeaji ajiulize kwa nini alichaguliwa hiki. Jina la kanga hufanya kazi hiyo waziwazi. Kadi yenye sentensi mbili zinazomhusu yeye peke yake nayo huifanya. Amit Kumar na Epley mwaka 2018 waliwaomba watu waandike barua za shukrani, kisha wakawauliza waliopelekewa. Waandishi walikuwa wamehofia mno kwamba barua ingeleta aibu, na wakakadiria chini furaha ambayo ingeleta. Barua kama hiyo inaweza kuandikwa kwenye daladala.

Ipo njia fupi kuliko zote, ambayo wengi huiogopa: kuuliza. Francesca Gino na Flynn mwaka 2011 waligundua kuwa wapokeaji hushukuru zaidi wanapopewa walichokitaja wenyewe, ilhali watoaji hudhani kuwa kitu cha kubuni kitaonekana kimefikiriwa zaidi. Fedha nazo zilithaminiwa kuliko watoaji walivyotarajia. Hili halitawashangaza waliokulia kwenye harusi ambako bibi arusi hutunzwa noti ukumbini, wala watoto wanaosubiri mkono wa Idi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mkono huo unafika hata kutoka mji mwingine kwa sekunde chache. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno ya kuufuatisha, na maneno hayo hayana makato.

Vipi kuhusu karatasi ya kufungia, ambayo wenye haraka huisikitikia sana? Jessica Rixom, Erick Mas na Brett Rixom walichapisha mwaka 2020 majaribio ambayo katika mojawapo wanafunzi walipewa kikombe cha kahawa chenye nembo ya timu ya mpira wa kikapu, Miami Heat au Orlando Magic. Vikombe vingine vilifungwa kwa unadhifu, pembe zimekaa. Vingine vilifungwa ovyo, karatasi imekunjamana. Waliopata vilivyofungwa ovyo walikipenda kikombe zaidi. Karatasi nadhifu ilikuwa imepandisha matarajio ambayo kikombe hakikuweza kuyafikia. Mambo hubadilika kwa mtu asiyekujua vizuri: yeye huusoma unadhifu kama ishara ya jinsi unavyomchukulia. Kwa hiyo bosi mpya afungiwe vizuri, na rafiki wa miaka mingi atasamehe utepe wa gundi uliopinda.

Na kama maduka yamefungwa kabisa? Kundi la watafiti likiongozwa na Cory Haltman wa Chuo Kikuu cha Ohio State lilichunguza zawadi zinazofika baada ya siku yenyewe. Watoaji waliamini kuwa kuchelewa kungeumiza uhusiano. Wapokeaji hawakuona dhara kubwa kiasi hicho. Wasiwasi wa watoaji ulipungua pale walipokuwa wameiandaa zawadi kwa mikono yao. Kutopeleka chochote ndiko kulikoonekana na pande zote mbili kuwa kubaya zaidi. Aliyekosa kanga yenye jina linalofaa Jumamosi usiku anaweza kupiga simu Jumapili asubuhi, akampongeza mwenyewe, akamwambia inakuja, kisha Jumatatu akarudi dukani na kuyasoma maandishi kwa utulivu.