Mtandao Umejaa, Malipo Hayaendi: Fahamu Matabaka ya Intaneti

Mtumiaji wa huduma aweza kuona alama za mtandao zimejaa kwenye simu yake, ilhali malipo anayoyafanya kwa programu hayakamiliki. Hali hiyo hueleweka mara tu mtu anapojua kwamba intaneti si kitu kimoja.

Tura ipo kwenye njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo lina maana ya amri apewayo mpagazi: tua mzigo. Mpagazi hakulazimika kujua kilichomo ndani ya mzigo, wala mwenye mali hakuchagua mahali pa kukanyaga. Intaneti nayo imegawanywa kazi namna hiyo, na kanuni za kila kazi huitwa itifaki.

Tabaka la chini ni njia yenyewe: mawimbi kati ya simu na mnara, kisha nyaya za mkongo. Juu yake ipo itifaki ya IP. Ujumbe husafiri ukiwa vipande vipande, na IP hukipa kila kipande anwani na kukipitisha kituo hadi kituo, bila kuahidi kwamba kitafika. Ahadi hiyo ni kazi ya TCP, ambayo huvipa vipande namba, husubiri taarifa ya kupokelewa, hutuma tena kilichopotea na kutupa nakala iliyozidi. Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha msingi wa mpango huu mwaka 1974. Juu kabisa ipo programu unayoiona.

Alama za mtandao huhusu tabaka la chini tu. Zaweza kujaa huku kifurushi kimekwisha, au kompyuta ya benki imezimika mbali nawe. Jaribu kufungua programu nyingine mbili. Zikifunguka, yaelekea tatizo ni la mwenye ile programu, naye ndiye wa kuulizwa kwanza. Zisipofunguka na kifurushi kingalipo, mweleze mtoa huduma wako, ukitaja mahali na saa. Asipolitatua, lilete kwa Mamlaka.

Malipo yataka uangalifu zaidi. TCP hutambua nakala ya kipande, lakini ukibonyeza "Tuma" mara ya pili, kwake hilo ni agizo jipya, nalo litafikishwa kwa uaminifu ule ule. Huenda agizo la kwanza lilikwishafika, likapotea jibu tu. Baadhi ya programu huzuia marudio. Usitegemee kwamba yako ni miongoni mwao. Kabla ya kurudia, tazama salio kwa kupiga namba ya huduma yenye nyota na reli, ambayo haihitaji kifurushi cha intaneti. Ukikuta fedha imekatwa mara mbili, hifadhi namba za miamala yote miwili na uziwasilishe pamoja na lalamiko lako.